Mkurya wa Kubandikwa

Ukifika Natta ukamuulizia Limbu, watakwambia hawamjui, na hawakudanganyi. Muulizie Marwa Mkurya, yule mlinzi wa kambi ya watalii, hapo hata mbwa watakuonyesha njia. Kumbe ni mtu mmoja. Tatizo ni kwamba huyu wa pili alimmeza yule wa kwanza, akajifuta na mdomo.

Limbu alizaliwa Bariadi, Msukuma wa baba na mama, Msukuma mpaka kwenye kisigino. Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Ng'ombe Limbu aliwajua wa aina mbili, wale wanaopita barabarani na wale waliomo kwenye sahani, na wa kwenye sahani ndio aliowajua vizuri. Sauti aliyozaliwa nayo ilikuwa nyembamba, kanisani walimpanga safu moja na akina mama. Na kwa uoga, bwana, usiseme. Huyu mtu alikuwa anaogopa bata. Siyo bata mzinga, ambaye angalau ana vitisho. Bata.

Alipokua akaenda machimbo ya Nyamongo kutafuta dhahabu, kama vijana wengine wa kutoka mikoani, akaangukia kwa mzee Kisyeri. Mzee huyu alikuwa Mkurya wa Tarime mwenye duara lake, shimo la kuchimba kwa mkono, na mtoto wa kiume mmoja tu aliyeitwa Marwa. Msimu mmoja wa mvua shimo likamfukia Marwa. Limbu alikuwa kwenye kundi lililochimba kumtoa. Walimtoa, lakini walichelewa.

Baada ya matanga, watu wamekaa wanakula ugali, mzee akasema bila kuinua kichwa, "Marwa, sogeza mboga." Mikono yote ikasimama. Marwa yuko kaburini. Limbu ndiye aliyekaa karibu na bakuli, akalisogeza. Kesho yake mzee akaita tena, "Marwa, lete kamba," akaleta. Hakuna aliyemsahihisha. Utamwambia nini mzee wa watu?

Sasa jina halikuja peke yake, lilikuja na vyombo vyake. Sauti akaiga ya mzee: unaishusha chini, unaitoa tumboni, unamalizia na "mura", yaani kijana, kama mtu anayepigilia msumari. Kikurya akaokota cha kusalimia, cha kutukana na cha kuombea chakula, na machimboni hiyo ni lugha nzima. Wakati wa kujiandikisha kupiga kura mzee akasimama naye dirishani akamtajia jina: Marwa Kisyeri. Hata tohara, ambayo kwao wazee wa zamani hawakuwa na habari nayo, alifanyiwa kulekule. Ilikuja kampeni ya bure zahanati, na soda juu. Limbu kwa soda angekubali kukatwa hata sikio.

Dhahabu lakini haikumtaka. Duara la mzee likajaa maji, wachimbaji wakatawanyika, Limbu akasikia kwamba Natta kuna kambi ya watalii inatafuta mlinzi. Meneja wa kambi alikuwa mama mmoja wa kutoka Moshi, Bernadetha, mwanamke mwenye akili nyingi na ujinga mmoja: aliamini Mkurya haogopi kitu. Ameambiwa hivyo tangu mdogo, naye akaweka moyoni kama sala.

"Wewe kabila gani?" akamuuliza.

Limbu alikuwa hajala tangu jana. Akashusha sauti mpaka kwenye mkanda.

"Mkurya, mura."

"Jina?"

"Marwa."

"Anza leo."

Hakuulizwa kama anajua kupigana. Hakuulizwa hata kama anajua kukimbia, na kukimbia ndiyo ilikuwa fani yake.

Mwezi haujaisha, fisi akaingia jikoni kambini. Limbu akaenda kuangalia akidhani ni paka, wakakutana mlangoni pua kwa pua. Alipiga ukelele wa kufa. Lakini koo lilikuwa limeshazoea kushuka, ukelele ukatoka kama gari la mawe limepinduka, na fisi akaondoka na kipande cha mlango. Asubuhi wapishi wakasimulia kwamba Marwa amemshika fisi sikio. Mwisho wa wiki yalikuwa masikio yote mawili. Limbu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Angekataa vipi, na mshahara ulikuwa umening'inia kwenye hayo masikio?

Hapo ndipo mlango ulipofungwa nyuma yake, ila yeye hakusikia. Akapata mke, Felista, binti wa hapohapo Natta mwenye maneno mafupi na mkono mzito wa kusonga ugali. Akapata shemeji, Emanueli, kaka yake Felista, mwenye ng'ombe wake na kiburi chake. Akapata kiwanja kando ya barabara, nyumba ya bati, mtoto wa kike. Vyote hivyo alivipata Marwa. Limbu alikuwa hana hata kijiko.

Ungedhani mtu atazoea. Hakuzoea. Watu wa pale wana maneno yao kwa mtu ambaye kitu chake hakikuzaliwa naye. Wa kuja. Wa juujuu. Wa kuazima. Wa kupachikwa. Rangi ya mvua moja. Wa kubandikwa, kama kucha za mabinti wa Mugumu siku ya sendofu. Walimwambia hivyo mwalimu mpya aliyejitia anajua kukamua. Walimwambia hivyo mchungaji aliyetoka mjini na Kiingereza cha kikohozi. Kila neno kama hilo likitupwa, hata kama limetupiwa mtu mwingine upande wa pili wa kilabu, Limbu aliona limepita wote likaja kumkaa yeye mwilini, kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Halafu Emanueli anampiga bega.

"Siyo kama shemeji yangu huyu! Huyu ni Mkurya wa damu. Huyu hata umchemshe, mchuzi utatoka Mkurya."

Watu wanacheka. Limbu anacheka kwa sauti ya tumboni. Na simu ya mama yake ikiita kutoka Bariadi anakwenda kuipokelea katikati ya mihogo, anaongea Kisukuma kwa kunong'ona kama mwizi wa kuku.

Hayo angeweza kuishi nayo mpaka uzee. Wako wengi wanaishi hivyo na wengine wana vyeo. Lakini ng'ombe wa Emanueli wakapotea.

Ilikuwa asubuhi, Limbu ametoka lindoni, hajavua hata buti, yowe likapigwa. Wanaume wakatoka na fimbo, na mikuki, na wengine na midomo tu. Zizi la Emanueli lilikuwa wazi na ndani hamna hata ndama.

Sasa huku ng'ombe wakiibwa watu hawaanzi na polisi, wanaanza na unyayo. Mnazifuata kwato mpaka zinapofia. Zikifia kwenye kijiji cha watu, au uani kwa mtu, mwenye ua ndiye atakayeonyesha zilikoendelea mbele. Akishindwa kuonyesha, kesi ni yake: alipe ng'ombe au aondoke. Ni sheria ya siku nyingi na haina mjadala.

"Shemeji," Emanueli akasema, macho mekundu, "ongoza wewe. Nyie watu wa Tarime kwato mnazisoma kama gazeti."

Limbu akaangalia chini. Aliona udongo. Aliona mashimo mengi kwenye udongo, makubwa na madogo, yanakwenda huku na yanarudi huku. Zingekuwa alama za tairi, hapo mtoto wa fundi baiskeli angetamba. Lakini watu wote wamemtazama, na mtu ukishamshika fisi masikio mawili huwezi kusema hujui kwato. Akachuchumaa. Akachukua kinyesi akakinusa, kwa sababu aliwahi kuona waongoza watalii wanafanya hivyo kwa tembo.

"Wamepita alfajiri, mura," akasema. "Twende."

Wakamfuata. Alichagua njia yenye kwato nyingi kuliko zote, na njia yenye kwato nyingi kuliko zote, kila mtoto wa pale anajua, ni ile ya kwenda lamboni kunywa maji, ambayo ng'ombe wa kijiji kizima hupita kila siku ya Mungu. Wazee wawili wakatazamana, lakini nani amkosoe Mkurya kwenye mambo ya ng'ombe? Wakashuka mpaka lamboni. Limbu akanusa tena. Wakapanda upande wa pili, wakakata shamba la mahindi, wakazunguka kichuguu, Limbu mbele anatembea kwa hatua ndefu kama mtu aliyelipwa, mpaka kwato zikafika kwenye ua wa miti na minyaa, zikapita ubavuni, zikaingia barabara ya moramu ambako malori yalikuwa yameshasaga kila kitu. Hapo zikafia.

Limbu akainua kichwa. Kwenye kamba aliona gauni la mke wake limeanikwa.

"Hapa ni kwa nani?" mtu mmoja akauliza, na kila mtu alikuwa anajua.

"Mbona ni kwa Marwa mwenyewe?"

Unaweza kuwaongoza watu nusu siku, jamani, ukawafikisha mlangoni kwako, ukawakabidhi kamba ya kukufungia.

Mkutano wa sungusungu ukakaa jioni ileile, uwanja wa mashine ya kusaga. Mwenyekiti alikuwa mzee Simioni, mtu mpole anayeongea polepole, na watu wapole wa namna hiyo ndio wabaya, kwa sababu hukatizi.

"Marwa," akasema, "unyayo umefia kwako. Sisi hatujasema umeiba. Ila wewe ni Mkurya, una ndugu huko Tarime, na watu wanasema labda uliwafungulia ndugu zako mlango. Tuonyeshe ng'ombe walikoelekea."

"Mzee, sijui."

"Uliongoza wewe."

"Niliongoza, lakini... mzee, mimi kwato sijui kusoma."

Wakacheka. Siyo kicheko kizuri. Limbu akatazama huku na huku akaona kila uso anaoujua, na mlango ulikuwa mmoja tu, ule ambao aliuogopa miaka yote. Akaukimbilia.

"Jamani, mimi siyo Mkurya."

Emanueli akasogea mbele asikie vizuri.

"Mimi naitwa Limbu. Ni Msukuma, wa Bariadi. Ukurya wangu ni wa kuokota machimboni. Wa juujuu. Wa kubandikwa! Sina ndugu Tarime hata wa kuazima maji. Sasa ningemfungulia nani mlango?"

Ndipo kicheko kikaja chenyewe, cha kushika mbavu.

"Msukuma! Na sauti hiyo ya lori?"

Limbu akajaribu kurudisha sauti yake ya kwaya. Alikohoa, akanyoosha shingo, akaitafuta mahali alipoiacha. Ikatoka ileile ya mzee Kisyeri, na mura juu.

"Basi ongea Kisukuma tusikie," Emanueli akasema.

"Mwangaluka!" Limbu akaanza mbio, "Mwadila! Nene nali Nsukuma..."

"Aa, hicho hata mimi nakijua," akasema Nyangi, mama aliyewahi kuuza chakula machimboni. "Nyamongo wamejaa Wasukuma. Ukikaa kule miezi mitatu unaongea mpaka unaota."

"Mpigieni mama yangu simu!"

"Simu?" Emanueli akatema mate pembeni. "Kwenye simu hata mimi ni kanali."

Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Wasukuma wa asili si wana kitu hawajakatwa? Tumkague tumalize!"

Uwanja ukavunjika. Limbu peke yake hakucheka. Ushahidi wake wa mwisho aliuacha zahanati kwenye beseni, akashushia na soda.

"Kitambulisho chako kinasemaje?" mzee Simioni akauliza, kwa upole uleule.

Kilisema Marwa Kisyeri.

Bernadetha alikuwepo, ameegemea gari la kambi, akasema kwa huzuni kabisa, "Marwa, kama wewe siyo Mkurya, mimi miaka yote nimeajiri nani?" Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi mtu namjua. Yule fisi alimwona Mkurya."

Kwa hiyo ikawa hivi. Alipokuwa anadanganya kila mtu alimwamini bila shahidi. Siku aliyosema kweli akahitaji mashahidi, na hakuwa na hata mmoja. Tena ukweli ukamharibia, kwa sababu watu wakasema Mkurya hawezi kukana kabila lake bure, lazima kuna kitu.

Mzee Simioni akatoa hukumu. Jumamosi Marwa alete mzee wa ukoo wake, mtu wa damu yake, asimame amwapie kwamba hana mkono kwenye ng'ombe. Asipomleta, aondoke Natta. Felista na mtoto watabaki kwa kaka yake.

Nyumbani Felista aliweka ugali akakaa mbali.

"Felista, wewe unaniamini?"

"Nakuamini hujaiba. Wewe huwezi kuiba ng'ombe, unaogopa hata bata."

"Unaona! Mkurya gani anaogopa bata?"

"Mkurya mwoga. Wapo. Ulivyosema pale mbele za watu eti wewe Msukuma, niliona haya, Marwa. Mtu unakana baba yako kwa ajili ya ng'ombe?"

"Sijamkana! Baba yangu alikuwa anatengeneza baiskeli!"

"Basi kula."

Akala. Angefanya nini? Alikuwa amekaa ndani ya nyumba yake, na mke wake, na hapakuwa na mtu yeyote mle ndani anayemjua.

Usiku ule hakwenda lindoni, walimkataza. Alfajiri akaenda kwenye mihogo yake akapiga simu, ila siyo Bariadi. Akampigia mzee Kisyeri. Walikuwa hawajaongea muda mrefu. Mzee alikuwa anaishi peke yake na ng'ombe wachache, mabinti wameolewa.

"Tata," Limbu akasema, yaani baba, na akajikuta analia, "njoo uwaambie ukweli. Wewe tu ndiye unajua mimi siyo Mkurya. Sema tu, huyu ni Limbu, nilimpata machimboni. Wewe ni mzee, watakusikia."

Mzee alimwacha amalize kulia.

"Nitakuja," mzee akasema.

Jumamosi akashuka kwenye pikipiki, koti kubwa, fimbo, kofia ya sufu juani. Uwanja mzima ukasimama. Hata Emanueli, ambaye siku hizo alikuwa hasalimii mtu, alisema shikamoo kabla hajajua amesema. Mzee akaitikia marahaba moja kubwa iliyowatosha wote. Akakaa kwenye kiti alichopewa, akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Alitazama fimbo mikononi mwao. Alitazama vijana waliofunga njia ya kwenda barabarani. Akamtazama Limbu.

Limbu akamkonyeza. Sema, mzee. Sema sasa.

"Mzee wangu," Simioni akaanza, "pole na safari. Huyu unamjua?"

"Namjua."

"Yeye anasema siyo Mkurya. Anasema ni Msukuma."

"Amesema hivyo?"

"Mbele ya watu wote."

Mzee Kisyeri akainama. Mabega yakatikisika kidogo, huwezi kujua kama anacheka au nini. Alipoinua uso, hakumtazama Limbu tena.

"Huyu ana uoga tangu mdogo," akasema. "Mama yake alimlea vibaya. Huyu ni mwanangu."

Limbu akakonyeza tena, safari hii kwa macho yote mawili.

Mzee akasimama, akainama kwa shida, akachota udongo kidogo uwanjani. Hakuna aliyemwomba afike huko, kuapa kwa mdomo kungetosha. Akauweka ulimini. Akameza.

"Mimi Kisyeri nina mtoto mmoja wa kiume, anaitwa Marwa, ni huyu. Kama ameshika kamba ya ng'ombe wa mtu, udongo huu unichukue kabla ya mavuno. Na kama huyu siyo mwanangu, udongo huu unichukue kabla ya mavuno."

Akakaa. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Mzee Simioni mwenyewe alivua kofia. Mtu mzima kula udongo mbele ya watu siyo jambo la kuongezea swali.

"Yamekwisha," Simioni akasema. "Marwa, una baba. Kaa kwa amani."

Na kabla watu hawajaanza kutawanyika, mgambo wa kijiji akaja mbio na simu mkononi. Ng'ombe wameonekana. Wako pori la akiba, wamekamatwa na askari wa wanyamapori, hawajaibwa na mtu. Wamejitokea wenyewe zizini usiku wakafuata majani mabichi. Emanueli anaitwa akawagomboe, na aeleze pia kwa nini zizi lake analifunga kwa kamba ya katani.

Macho yote kwa Emanueli. Usiku ule ng'ombe walipopotea alikuwa ametoka kilabuni, na alikumbuka sasa hivi, mbele ya halaiki, kwamba hata hiyo kamba hakuifunga.

"Hahaa!" Nyangi akapiga makofi. "Mwizi amepatikana! Anaitwa Gongo!"

Uwanja ukalipuka. Watu wakamrukia Limbu, wakamshika mkono, wakamwinua. Emanueli akaja na uso chini, "Shemeji, nisamehe, shetani." Bernadetha akatangaza kwamba lindo ni lake kuanzia leo usiku. Ingekuwa hadithi ya mtu mwingine, hapo ndipo pangechinjwa mbuzi ikaisha vizuri. Mbuzi alichinjwa kweli.

Ila Limbu alimvuta mzee Kisyeri nyuma ya mashine.

"Tata, sasa tuwaambie. Kesi imekufa, hakuna ng'ombe aliyeibwa. Sasa watasikia. Uwaambie ulinisaidia tu."

"Nikuambie kitu, mura." Mzee alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Nimekula udongo. Siku utakayosimama useme wewe siyo mwanangu, na wao wakakuamini, atakayezikwa ni nani? Ni wewe?"

"Lakini ulijua! Nilikwambia kwenye simu uje useme ukweli!"

"Nimekuja nikaona watu wana fimbo. Msukuma hapa hana mtu wa kusimama naye. Marwa ana mimi." Halafu kwa sauti nyingine, ndogo, ambayo Limbu hakuwahi kuisikia, "Na mimi nina nani? Mboga uliisogeza mwenyewe. Sikukulazimisha."

Limbu alimtazama mzee, ile kofia, lile koo lililopitisha udongo, akahesabu kimoyomoyo miezi iliyobaki mpaka mavuno, akajua kwamba hata mavuno yakipita hataweza kusema. Nani anajua udongo unahesabu vipi?

"Twende nyumbani," mzee akasema. "Nataka kuona mjukuu."

Felista alipiga magoti akampa maji ya kunawa. "Shikamoo, baba. Karibu kwako." Alikuwa na furaha ambayo Limbu hakuwa ameiona usoni kwake tangu waoane. Mwanamke aliyeolewa na mtu ambaye hata mzazi mmoja hajawahi kuonekana amepata mkwe mwenye koti. Majirani walikuwa wamejaa uani, nyama iko motoni, Emanueli anagawa vinywaji kwa mikono ya toba. Mzee akakalishwa kwenye kiti cha kamba, akamchukua mtoto akampakata. Mtoto akamshika ndevu.

"Huyu anaitwa nani?"

"Minza," Felista akasema. "Jina kachagua baba yake, anasema alilisikia machimboni. Mimi sijawahi kulielewa."

Limbu alikuwa anakata nyama. Minza ni jina la mama yake. Kitu pekee cha kwao alichofanikiwa kuingiza ndani ya nyumba ile bila mtu kukikagua.

"Minza?" Mzee akacheka, watu wakacheka naye. "Hilo jina la kuazima. Mjukuu wangu wa kwanza wa kike, wa nyumba yangu, aitwe jina la kuazima? Mama yangu mimi alikuwa Boke. Huyu ni Boke." Akainua macho juu ya kichwa cha mtoto. "Au baba yake una neno?"

Wote wakageuka kumtazama. Emanueli na chupa mkononi. Mzee Simioni. Bernadetha, ambaye alikuja na soda za kambi. Felista anatabasamu, anasubiri. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ubavu wa mbuzi.

"Sina neno, tata," Limbu akasema.

"Boke," mzee akamwita mtoto. Mtoto alikuwa anachezea kifungo cha koti. "Boke, we Boke, nitazame."

Akaita tena, na Felista naye akaita kumsaidia, na Nyangi, na wale wa kwenye moto, mpaka ua mzima ukawa unaita. Mtoto akaacha kifungo, akawatazama wote mmoja mmoja, akacheka, akaitika.